Karatasi za Shemeji wa Asembo Bay

Mtu wa pwani akiambiwa kwamba bara nako kuna bahari, hucheka. Lakini ashuke Asembo Bay alfajiri, ayaone mashua yakirudi na taa zao za kuvulia omena, na ng'ambo ya ghuba mlima wa Homa umejifunga kilemba cha ukungu, atajikuta mwenyewe anauliza maji yatakupwa saa ngapi. Hayakupwi. Zamani meli za reli kutoka Kisumu zilikuwa zikitia nanga hapa, na pamoja na mizigo zilileta Waswahili wenzetu waliokuja kuuza nguo na kununua samaki, wengine wakaoa wakabaki.

Mimi sikuletwa na meli wala na mashairi. Nililetwa na simu ya dada yangu mdogo, Septemba 2024.

"Kaka," alisema, "shemejiyo kapunguzwa kazi. Kuna karatasi wanataka aitie sahihi Jumatatu. Njoo uisome kabla hajaitia mkono."

Shemeji yangu ni Mjaluo wa hapo hapo Asembo, alisilimu Mombasa akiwa kijana, akamwoa dada yetu, kisha akarudi kwao. Kwa miaka 19 alikuwa akichuna na kupanga mbuta katika kiwanda kimoja cha samaki mjini Kisumu, ambacho sikitaji. Jumapili hadi Ijumaa yuko Kisumu, Ijumaa jioni yuko kwake. Mshahara wake wa mwisho ulikuwa shilingi 18,000 kwa mwezi. Julai msimamizi aliwakusanya watu 11 uani, akawaambia samaki wamepungua ziwani na kesho wasije.

Karatasi yenyewe niliisoma nikiwa nimeketi juu ya mkeka, kikombe cha chai mkononi. Ilikuwa ya Kiingereza, ukurasa mmoja. Ilisema kampuni itampa shilingi 40,000 za mkono wa heri, naye amekubali kwamba hana dai jingine lolote, leo wala kesho. Shemeji anajua Kiingereza cha kutosha, lakini alikuwa ameiona ile 40,000 tu. Simlaumu. Mtoto wa kike alikuwa amerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo, na arubaini elfu ukiwa huna kitu ni mlima kuliko ule wa Homa.

"Na serikali je?" akaniuliza. "Shemeji, si wamenikata miaka yote hii? Nasikia Uingereza mtu akikosa kazi analipwa kila wiki."

Ni kweli, Waingereza walianza jambo hilo kwa sheria ya mwaka 1911. Wala si mbali hivyo. Jirani zetu Watanzania waliweka katika sheria yao ya mwaka 2018 fao la kukosa ajira: aliyechangia mfuko wa hifadhi kwa miezi 18 au zaidi, akaachishwa bila hiari yake, hupata kama theluthi ya mshahara wake kwa miezi sita. Sisi Kenya hatuna posho ya namna hiyo. Tuna shilingi 2,000 kwa mwezi za wazee wa miaka 70, na shemeji ana miaka 47.

Zile alizokatwa ni za NSSF. Kwa miaka mingi zilikuwa shilingi 200 zake na 200 za mwajiri; tangu Februari 2023 sheria mpya ilipoanza kutumika zikawa asilimia sita kwa kila upande, yaani kwake yeye 1,080. Lakini hizo ni akiba ya uzeeni. Aliyeacha kazi anaweza kuzidai akifika miaka 50. Basi shemeji yuko mbele ya mlango wake mwenyewe, na ufunguo atapewa mwaka 2027.

Alinyamaza. Nami nikanyamaza, maana nilikuwa nimempokonya tumaini moja na sijampa jingine.

La pili lilikuwamo katika Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 40, ambacho wafanyakazi wengi hawajapata kusomewa. Mtu hapunguzwi kazi kwa kuambiwa uani. Hupewa taarifa kwa maandishi si chini ya mwezi mmoja kabla, na Afisa wa Kazi naye huarifiwa. Asipopewa taarifa hulipwa mshahara wa mwezi huo. Hulipwa siku za likizo alizobakiza. Na kwa kila mwaka kamili wa kazi hulipwa malipo ya siku zisizopungua 15. Tulichukua kalamu. Siku 15 tulizihesabu shilingi 9,000. Mara 19, ni 171,000. Ongeza 18,000 za taarifa, ni 189,000, mbali na likizo.

Dada yangu alikuja akachungulia hesabu, akairudia kwa midomo bila sauti, akarudi jikoni. Nilisikia sufuria ikiwekwa chini kwa nguvu.

Sisi tuliosoma chuoni tulihifadhishwa Suratul Baqara, na katika sura hiyo imo aya ndefu kuliko zote katika Kurani. Haizungumzii Pepo wala Jahanamu. Inazungumzia deni: liandikwe, liwe dogo au kubwa, na mashahidi wawepo. Hata hivyo sisi sisi Waislamu, tukiingia kazini kwa mtu, twaona haya kudai barua. Twasema fulani ni mtu mwema, ananijua. Shemeji hakuwa na barua ya ajira. Alikuwa na karatasi za mshahara, na hizo zilikuwa ndani ya mfuko wa nailoni juu ya kabati, panya wamekula pembe.

Hapo ndipo tulipoona tatizo. Kipande chake kina jina la Kijaluo alilopewa na babaye. Kiwandani karani alimwandika kwa jina la Kiislamu, kwa kuwa ndilo wenzake walilomwita. Mtu mmoja, majina mawili, na katika ofisi hao ni watu wawili. Ilitubidi twende kwa wakili, tule hati ya kiapo kwamba huyu na yule ni yeye.

Jumatatu hakutia sahihi. Tulipanda matatu kupitia Ndori na Holo hadi Kisumu, tukaenda Ofisi ya Kazi. Nilijitayarisha kwa maneno makali, nikayarudisha tumboni, maana tulipokewa na bwana mpole aliyeuliza swali moja tu: ni lini? Alieleza kwamba malalamiko ya kuachishwa kazi huletwa kwake ndani ya miezi mitatu, na kesi mahakamani ndani ya miaka mitatu. Ilikuwa imebaki wiki tatu kutimia hiyo miezi. Na kuhusu barua ya ajira alisema neno lililomnyoosha shemeji mgongo: kesi ikifika mahakamani na mwajiri ashindwe kutoa mkataba, mzigo wa kuthibitisha humwangukia mwajiri.

Wenzake wanane walikwisha kutia sahihi na kuchukua arubaini yao. Mmoja alikutana nasi stendi akasema, "Nyinyi mna subira kwa sababu mna kula." Hatukuwa na jibu la kumpa.

Kampuni iliitwa mara mbili, ya pili ikaja. Walikubaliana shilingi 180,000 kwa mafungu matatu. Nilitaka ipiganiwe yote, lakini mwenye karo ni shemeji si mimi. Alidai pia hati ya utumishi, ambayo ni haki ya mfanyakazi anayeacha kazi, akaipata, jina likiwa limeandikwa kama lilivyo katika kipande.

Fungu la kwanza lililipa karo na kununua nyavu za omena. La pili lilichelewa siku 40. Dada yangu huwakopesha omena kina mama wa sokoni, na madeni yao huyaandika katika daftari la kurasa 96 kwa tarakimu za Kiarabu, kama tulivyofundishwa na marehemu mwalimu wetu. Nilipokuwa nikiaga alikuwa ameketi mlangoni nalo. Shemeji alimwambia aandike na lile fungu la tatu, tarehe na kiasi, akamwita jirani aje ashuhudie.