Gololi za Kranki: Kauri au Chuma?

Katika vyama vingi vya msingi, hasa vya maziwa, baiskeli ni chombo kinachofanya kazi kubwa kuliko thamani yake iliyoandikwa katika daftari la mali. Hupeleka barua za mkutano, na kila asubuhi hubeba madumu kutoka kwa wanachama hadi kituo cha kukusanyia maziwa. Baiskeli hiyo ikikwama njiani, maziwa hayamsubiri fundi. Jua likipanda yataganda, na hasara itakuwa ya mwanachama aliyekamua alfajiri.

Sehemu inayochoka bila kuonekana ni ile iliyo katikati ya fremu, yaani nyumba ya kranki. Humo hupita ekseli inayoshika mikono miwili ya pedali, nayo huzunguka juu ya gololi zilizopangwa ndani ya vikombe viwili, kimoja kila upande. Kwa baiskeli nyingi za kazi, kila kikombe huchukua gololi 11 za robo inchi, jumla 22. Uzito wote ambao mwendeshaji hukanyagia hupita juu ya vipande hivyo vidogo. Mpango huu ni wa zamani. Mwaka 1869 fundi wa Paris, Jules Suriray, alipata hataza ya kutumia gololi katika baiskeli, na mwaka huo huo James Moore alishinda mashindano ya kutoka Paris hadi Rouen akiendesha baiskeli yenye gololi.

Siku hizi, pamoja na gololi za chuma, zipo sokoni gololi za kauri. Wauzaji huzisifu kuwa ni nyepesi, ngumu na hazishiki kutu. Sifa hizo ni za kweli. Kinachotakiwa kuangaliwa ni kama zina faida kwa baiskeli ya chama, kwa maana fedha itakayozinunua ni ya wanachama, na bei yake ni mara nyingi ya ile ya gololi za chuma.

Kauri inayosemwa hapa si ile ya vikombe vya chai. Ile iliyo bora hutengenezwa kwa unga wa silikoni na naitrojeni, unaoshindiliwa na kuokwa kwa joto kali mno. Gololi yake huwa nyeusi au ya kijivu. Ipo pia kauri nyeupe ya zirkonia. Gololi za namna hii zilikusudiwa kwanza mashine zinazozunguka maelfu ya mara kwa dakika, ambamo gololi nzito huleta joto na kujiharibu kwa kasi yake yenyewe. Kranki ya baiskeli huzunguka mara 60 hadi 90 kwa dakika. Kwa mwendo huo, adui aliyeundiwa kauri hayupo kabisa.

Na uzito je? Gololi moja ya chuma ya robo inchi ina uzito wa gramu moja na kitu kidogo, na ya kauri haifiki nusu gramu. Zote 22 zikibadilishwa, baiskeli itapungua gramu 14 hivi. Dumu moja la maziwa la lita 20 hupita kilo 20. Mwendeshaji akifuta tope kwenye fremu kabla ya kuondoka, atakuwa amepunguza zaidi.

Inabaki hoja ya kutu, nayo ndiyo inayowavuta wengi, kwa sababu masika huingiza maji katika nyumba ya kranki. Hapa pana jambo ambalo muuzaji halitaji. Gololi za kauri huuzwa karibu siku zote ili zizunguke ndani ya vikombe vya chuma. Gololi haitashika kutu, lakini kikombe kitashika, na ekseli pia. Tena mchanga ukiingia, gololi iliyo ngumu kupita chuma haipungui. Inayochimbika ni njia yake ndani ya kikombe na juu ya ekseli. Chama kitakuwa kimenunua gololi zisizochoka ili kuchosha vitu ambavyo ni ghali kuliko gololi za kawaida. Beringi ambazo ni kauri tupu zipo, ila hazipendi kugongwa, na baiskeli yenye mzigo kwenye barabara ya mawe hugongwa mchana kutwa.

Kwa mshindani wa mbio, ambaye huhesabu kila nukta na ana fundi wake wa kumfungulia baiskeli kila jioni, kauri inaweza kuwa na nafasi. Kwa chama cha msingi haina.

Fedha ambayo ingenunua kauri itumike mahali pengine. Kwanza, gololi za chuma zenyewe hutofautiana. Hupangwa kwa madaraja, na namba ndogo ndiyo bora. Gololi ya daraja la 25 haikosi mviringo kwa zaidi ya sehemu 25 za milioni moja ya inchi. Za bei ya chini sana hazitaji daraja lolote. Zote 22 zinunuliwe pamoja, kutoka pakiti moja. Kuchanganya mpya na nzee ni kosa la kawaida la kubana matumizi: zile kubwa kidogo hubeba mzigo peke yake na kuvunjika, na vipande vyake huharibu vikombe.

Pili, grisi. Nyumba ya kranki ifunguliwe walau mara mbili kwa mwaka, na mara moja kati ya hizo iwe baada ya masika. Ioshwe kwa mafuta ya taa, ikaushwe, ipakwe grisi mpya ya kutosha. Katika baiskeli za mtindo wa Kiingereza, kikombe cha upande wa mnyororo hufunguliwa kwa kuzungushwa kulia. Wengi wameharibu fremu kwa kutolijua hilo. Wakati wa kufunga, kikombe cha kushoto kikazwe mpaka kranki isicheze ikisukumwa kando, lakini izunguke kwa wepesi, ndipo ringi ya kufungia ikazwe.

Tatu, ikiwa baiskeli ina ekseli ya ncha za mraba, Bodi inaweza kufikiria beringi ya chuma iliyofungwa pande zote kwa mpira. Hii huzuia maji na mchanga visiingie, jambo ambalo kauri haiwezi. Ikichoka hubadilishwa nzima, na huhitaji spana yake maalumu, kwa hiyo fundi aulizwe kwanza kama anayo.

Katibu anapopokea gololi dukani abebe sumaku ndogo. Gololi za kawaida za chuma hunaswa, za kauri hazinaswi. Wapo wanaouza shanga za kioo kwa jina la kauri, na sumaku haitazitambua hizo. Kwa sababu hiyo hati ya ununuzi itaje wazi: gololi za chuma, robo inchi, daraja, na idadi. Chama chenye baiskeli tano kinahitaji gololi 110, na tano au sita za akiba, kwa kuwa hakuna fundi aliyewahi kufungua kranki asipoteze moja mchangani.