Fungu la Mjane wa Askari

Leo nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo katika sehemu zetu za Ainabkoi, Burnt Forest na Timboroa husemwa zaidi jikoni na kwenye matanga kuliko kanisani. Ni habari ya malipo ambayo serikali huwapa jamaa za askari waliokufa kazini. Je, malipo hayo yana haki ndani yake? Humfikia nani? Na kwa nini mara nyingi huleta ugomvi katika nyumba ambayo tayari imeumizwa na kifo?

Sisi tuko karibu na jambo hili kuliko watu wengi wa Kenya. Moi Barracks iko hapa Eldoret, na hapo ndipo vijana kutoka kila pembe ya nchi hufundishwa uaskari. Hapo ndipo pia walipotoka wengi wa askari waliokuwa katika kambi ya El Adde, nchini Somalia, iliposhambuliwa na Al-Shabaab alfajiri ya tarehe 15 Januari 2016. Siku 12 baadaye ibada ya ukumbusho ilifanywa katika kambi hiyo ya Eldoret. Rais Uhuru Kenyatta alihudhuria, na pamoja naye Rais Hassan Sheikh Mohamud wa Somalia na Rais Muhammadu Buhari wa Nigeria. Waliinamisha vichwa marais watatu. Lakini hesabu kamili ya waliokufa serikali haikuitangaza. Vyombo vya habari vilitaja watu zaidi ya 140, na kila jamaa ikabaki kumhesabu wa kwake.

Mnajua kwamba katika Biblia kuna kitabu kizima kinachoitwa Hesabu. Wengi hukiruka kwa sababu ya yale majina marefu. Lakini katika sura ya 27 ya kitabu hicho wanasimama wasichana watano, binti za Selofehadi, mbele ya Musa na wakuu wote. Baba yao amefia jangwani bila kuacha mtoto wa kiume, na kwa desturi ya siku zile jina lake na fungu lake vingepotea. Hawakulia nyuma ya hema. Walikwenda mlangoni pa hema ya kukutania wakauliza mbele ya watu. Musa hakuwaambia kwamba fomu zao hazijakamilika. Alipeleka neno lao kwa Bwana, na jibu likawa kwamba wasichana wamesema kweli, na sheria ikatengenezwa. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba kuuliza habari za fungu la marehemu ni kukosa imani, au ni kuidharau serikali.

Katika nchi zetu ulizo hili ni la zamani. Katika Vita Kuu ya Kwanza, mwaka 1914 hadi 1918, Waingereza waliwachukua watu wa Afrika Mashariki kwa maelfu kuwabebea mizigo ya jeshi. Kikosi cha wapagazi kiliitwa kwa Kiingereza Carrier Corps, na ndimi za wazee zikakifanya Kariakoo. Jina hilo limebaki sokoni Dar es Salaam, na Kariokor ya Nairobi ni neno lile lile. Walikufa kwa makumi ya maelfu, na wengi hawakufa kwa risasi, bali kwa kuhara, malaria na chakula kibaya. Wengi walikufa kabla ya kupokea mishahara yao yote, na jamaa zao hawakuiona. Nairobi na London zilibishana juu ya fedha hizo miaka mingi, huku wajane wakizeeka. Lakini askari wa Kizungu waliorudi vitani walianzishiwa mpango wa kupewa mashamba mwaka 1919, na kipande cha nchi ya majirani zetu Wanandi kilikatwa kwa ajili hiyo. Vita vya pili vilipokwisha mwaka 1945 hali haikuwa tofauti sana: imejulikana hadharani tangu mwaka 2019 kwamba bakshishi ya mwisho wa vita aliyopewa askari Mwafrika ilikuwa karibu theluthi moja ya ile ya mzungu wa cheo kile kile. Na mwezi wa Aprili 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri, ikaomba radhi, kwamba Waafrika wengi sana waliokufa katika vita vya kwanza hawakuandikwa majina yao popote.

Basi tusiseme ukoloni ulikwisha na mambo yakanyooka yenyewe. Tutazame jinsi malipo ya siku hizi yanavyopimwa.

Askari wa Kenya akifa kazini, jamaa zake hutazamia kiinua mgongo cha kifo, ambacho hulipwa kwa mara moja, na pensheni kwa wale aliowaacha. Sehemu kubwa ya malipo hayo hupimwa kwa mshahara wake. Hapo mtu anaweza kunung'unika. Tarehe 18 Aprili 2024, jirani zetu wa Elgeyo Marakwet waliona helikopta ya jeshi ikianguka. Walikufa watu kumi, akiwamo Mkuu wa Majeshi, Jenerali Francis Ogolla. Walikuwa na vyeo mbalimbali, lakini chombo kilikuwa kimoja na saa ilikuwa moja. Je, ni haki kwamba nyumba moja ipate kingi na nyingine ipate kidogo?

Mimi naona kuna vitu viwili hapa, na watu huvichanganya. Pensheni ni tunda la kazi. Ni mshahara ambao mtu aliutumikia na hakuumaliza kuula. Aliyetumika miaka 30 akapanda cheo hakumnyang'anya mtu. Lakini fidia ya uhai ni kitu kingine. Katika kitabu cha Kutoka sura ya 30, watu walipohesabiwa, kila mmoja alitoa nusu shekeli kwa ajili ya nafsi yake. Tajiri alikatazwa kuzidisha, maskini alikatazwa kupunguza. Uhai ulikuwa na kipimo kimoja. Na jambo la kufurahisha ni kwamba mataifa yamefika hapo, japo kwa kuchelewa. Zamani Umoja wa Mataifa ulikuwa ukilipa fidia za askari wa amani kwa kufuata sheria za nchi walizotoka, hata mjane wa nchi tajiri akapata zaidi ya mjane wa nchi maskini kwa mume aliyekufa katika kazi ile ile. Mwaka 1997 iliamuliwa kuwa fidia ya kifo iwe dola 50,000 kwa kila mmoja. Marekani nayo tangu mwaka 2005 hulipa dola 100,000 kwa jamaa ya askari aliyekufa akiwa kazini, awe kuruta au jenerali.

Jeshi la Umoja wa Afrika nchini Somalia, lile la AMISOM, lilifuata kipimo hicho cha dola 50,000, ambazo siku za El Adde zilikuwa kama shilingi milioni tano. Ni vizuri. Lakini hapo hapo likazaliwa swali jingine. Tangu mwezi wa Septemba 2015 wanajeshi wetu wamekuwa pia katika msitu wa Boni, kule Lamu, wakipigana na adui yule yule. Bomu lililozikwa barabarani halijui mpaka. Likimuua kijana upande wa Somalia, akiwa chini ya Umoja wa Afrika, jamaa yake ina fidia ya Umoja huo. Likimuua ndugu yake upande wa Lamu, fidia ile haimhusu, kwa kuwa yuko nyumbani kwake. Mama anayepanda viazi hapa Ainabkoi utamweleza nini?

Daudi alikutana na jambo kama hili katika Samweli wa Kwanza, nayo pia ni sura ya 30. Watu 400 walivuka kijito cha Besori wakapigana. Watu 200 walichoka wakabaki kulinda vyombo. Wale waliovuka wakataka wenzao wasipewe nyara. Daudi akakataa, akaweka amri kwamba fungu la aliyeshuka vitani na fungu la aliyekaa penye vyombo liwe sawa. Naona serikali yetu ingeweza kujifunza kwa Daudi, ikajazia kutoka hazina yake pale ambapo mkono wa Umoja wa Afrika haufiki. Hili wabunge wetu wanaweza kuulizwa, nao wapo.

Sasa nije nyumbani, maana huko ndiko machozi mengi yaliko. Tuchukue mfano, wala si mtu fulani, msianze kunyoosheana vidole. Koplo amekufa. Hapa nyumbani ameacha mke aliyemwoa kimila. Ng'ombe walitoka, wazee walikula, lakini cheti hakuna. Ameacha mama mzazi aliyekuwa akimtumia fedha kila mwisho wa mwezi. Halafu siku ya mazishi anatokea mwanamke kutoka Nanyuki, amebeba mtoto mwenye sura ya marehemu kabisa. Ukoo unasema fedha ni za ukoo. Mke anasema ni zake. Mama hasemi kitu, na huyo ndiye husahauliwa.

Sheria ya Urithi ya Kenya, iliyoanza kutumika mwaka 1981, haiwaachi hao gizani. Mke wa kimila ni mke, ila atatakiwa kuthibitisha ndoa. Watoto wa marehemu ni watoto wake wote. Na Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 53, inasema mtoto ana haki ya kutunzwa na baba na mama wawe wameoana au hawakuoana. Mzazi aliyekuwa akitunzwa na marehemu naye anaweza kuomba afikiriwe. Na kijana akifa bila mke wala mtoto, wazazi ndio warithi. Hatua zenyewe ni kwamba chifu huandika barua ya kuwataja walioachwa. Jamaa huenda mahakamani, au kwa ofisi ya serikali inayosimamia mali za marehemu, ile watu waiitayo Pablik Trastii. Mahakamani, tangazo huchapwa katika Gazeti la Serikali, na mwenye pingamizi hupewa siku 30. Kwa kawaida hupita miezi sita kabla ya mahakama kuthibitisha ugawaji. Mkazaji mmoja tu wa ukoo anaweza kuigeuza miezi hiyo kuwa miaka.

Angalieni basi ile barua ya chifu. Mtoto wa Nanyuki asipotajwa humo, ameanza kupotea. Wazee wanaokaa na chifu kuiandaa, wengi wao ni Wakristo, tena wanashika vitabu vya nyimbo siku ya Jumapili. Tunailaumu serikali kwa upendeleo, nasi tumeuanza kwenye karatasi ya kwanza. Kwa habari hii siwezi kusema kwa upole.

Wako pia wale ambao hawakupata hata mwili. Baada ya El Adde, jeshi lilieleza kwamba baadhi ya miili ilibidi itambuliwe kwa vipimo vya damu vya DNA. Panapokosekana mwili na panapokosekana habari, Sheria ya Ushahidi inaruhusu mtu ahesabiwe amekufa ikiwa hajasikika kwa miaka saba. Miaka saba mke si mjane, wala hana mume. Ada ya shule haiingoji sheria hiyo. Na shutuma za majirani juu ya mwenendo wake haziingoji pia.

Kanisa la kwanza lilikuwa na shida ya namna hii. Katika Matendo sura ya 6, wajane wa Wayunani walisahauliwa katika huduma ya kila siku, na mitume hawakuhubiri tu juu ya upendo. Walichagua watu saba wenye sifa njema, wakawapa kazi hiyo kwa majina yao. Kila parokia ya hapa kwetu yaweza kuwatafuta watatu: mmoja wa Umoja wa Akina Mama, mmoja anayejua ofisi za Eldoret, na kijana anayeweza kutumia intaneti, maana siku hizi maombi mengi huanzia kwenye eCitizen. Waandamane na mjane mpaka mwisho wa shauri, wasimwache arubaini ikiisha. Watunze nakala za kitambulisho, cheti cha kifo, vyeti vya watoto na barua ya chifu.

Na wanajeshi wetu wanapokuja likizo ya Desemba, mchungaji au mwinjilisti awatembelee kabla hawajarudi kambini, awaulize mambo matatu. Je, ndoa imeandikishwa? Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inataka hata ile ya kimila iandikishwe. Je, watoto wana vyeti vya kuzaliwa, wote, hata yule asiyezungumzwa? Na je, katika fomu za jeshi ameandika majina ya nani? Maana wengine waliziandika wakiwa makuruta wa miaka 20, wakataja kaka, na hawajazigusa tena tangu walipooa.