Kalipa za breki: Rangi ya kuvutia isigeuke chambo cha ajali

KATIKA maegesho ya magari jijini Nairobi na Mombasa, si ajabu kuona gari la kawaida la familia ambalo matundu ya rimu zake yanafichua rangi nyekundu, ya manjano au buluu iliyokolea. Rangi hiyo hupakwa kwenye kalipa, yaani kile kifaa cha chuma kinachoikumbatia diski ya breki nyuma ya gurudumu.

Mtindo huu ulitokana na magari ya mashindano na yale ya kifahari. Kampuni ya Brembo ya Italia, iliyoanzishwa mwaka wa 1961, inafahamika kote duniani kwa kalipa zake nyekundu. Nayo Porsche kwa kawaida hutumia rangi ya manjano kutambulisha breki zenye diski za seramiki.

Kwa gari la kawaida, hata hivyo, rangi ni pambo tu. Haiongezi hata chembe ya uwezo wa kusimama. Ikipakwa ovyo, yaweza kuupunguza.

Ili kuelewa hatari hiyo, yafaa kujua kalipa inavyofanya kazi. Dereva anapokanyaga breki, mafuta ya breki husukuma pistoni zilizo ndani ya kalipa, nazo huzibana pedi dhidi ya diski. Msuguano huo hugeuza mwendo wa gari kuwa joto. Katika mteremko mrefu kama ule wa kuelekea Mai Mahiu, diski yaweza kufikia nyuzi mia kadhaa za Selsiasi, na sehemu ya joto hilo huishia kwenye kalipa.

Ndiyo sababu rangi ya kupakia milango au mabati haifai. Hubadilika rangi, hupasuka na kubanduka. Inayohitajika ni rangi maalumu inayostahimili joto kali. Aidha, mafuta ya breki aina ya DOT 3 na DOT 4 huyeyusha rangi, hivyo yakimwagika yafutwe mara moja.

Anayetaka kuifanya kazi hii nyumbani aegeshe gari mahali tambarare, avute breki ya mkono na kuzuia magurudumu yanayobaki chini kwa mawe au vipande vya mbao. Nati zilegezwe kabla ya gari kuinuliwa. Likishainuliwa, liwekwe juu ya stendi za chuma. Kamwe mtu asifanye kazi kwenye gari lililoshikiliwa na jeki pekee, kwani jeki ikiteleza, chuma hakina huruma.

Usafi ndio nusu ya kazi. Kutu na uchafu viondolewe kwa brashi ya waya na msasa, kisha kalipa ifutwe kwa dawa ya kusafishia breki hadi isalie kavu bila grisi. Petroli isitumike, kwa kuwa yaweza kuwaka na huharibu mipira. Vumbi la breki nalo lisipulizwe kwa mdomo wala kwa pampu ya upepo. Pedi nyingine, hasa za zamani, zina asbesto, ambayo husababisha saratani. Kitambaa kilicholowa na barakoa ni kinga ya gharama ndogo.

Hatua inayofuata ni kufunika kwa karatasi na utepe kila kisichostahili rangi: diski, pedi, mipira ya pistoni, paipu ya mafuta, nati ya kutolea hewa na pini ambazo kalipa huteleza juu yake. Rangi ikiingia kwenye pini, kalipa yaweza kukwama, pedi zikabaki zimeigusa diski na gurudumu likapata joto hata dereva asipokanyaga breki. Ikiipata diski au pedi, msuguano hupungua pale hasa unapohitajika.

Brashi ndogo hufaa kuliko rangi ya kupuliza, maana haitawanyi matone. Ni bora kupaka tabaka mbili au tatu nyembamba kuliko moja nene, huku muda wa kukauka ukifuata maelezo yaliyo kwenye mkebe.

Gurudumu likirudishwa, nati zikazwe kwa mpangilio wa msalaba. Kabla gari halijaondoka, breki ikanyagwe mara kadhaa hadi iwe ngumu mguuni, kisha ijaribiwe kwa mwendo wa pole mahali pasipo na watu. Nati zikaguliwe tena baada ya kilomita chache.

Hata hivyo, kalipa inayovuja, iliyopasuka au iliyokwama haihitaji rangi, inahitaji mekanika. Kuipaka ni kuuficha ugonjwa chini ya vazi jipya, na anayelipia ni abiria au mtembea kwa miguu asiyejua lolote. Wahenga hawakukosea waliponena kuwa uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.