Vyuma vya Januari, Ushindi wa Novemba

Mwaka 2016 Chuo Kikuu cha Notre Dame, mojawapo ya majina makubwa katika futiboli ya Kimarekani, ule mchezo wa kofia ngumu na mpira wenye ncha mbili, kilimaliza msimu kwa aibu: mechi 4 za ushindi, 8 za kufungwa. Kocha mkuu Brian Kelly alibaki, ila benchi lake la ufundi lilipanguliwa. Miongoni mwa walioletwa alikuwemo Matt Balis, kocha mpya wa viungo. Msimu uliofuata timu ikashinda 10 na kupoteza 3. Mwaka 2018 ikashinda mechi zake zote 12 za ratiba ya kawaida. Kwa mashabiki wengi jibu lilikuwa jepesi: vijana walipikwa jimu wakaiva.

Hadithi hii husimuliwa karibu kila mwaka katika vyuo vya Marekani. Timu ikiboronga, kocha wa viungo hubadilishwa. Ikifufuka, sifa zote hubebeshwa vyuma. Je, mazoezi ya nguvu na pumzi kati ya msimu na msimu yanaweza kweli kuigeuza timu? Yanaweza, lakini kwa kiasi kidogo kuliko kinachotangazwa, na jedwali la matokeo ndiyo sehemu mbaya kuliko zote ya kuyapimia.

Kwanza kalenda. Mechi za kawaida za vyuo huanza mwishoni mwa Agosti na kwisha mwishoni mwa Novemba. Ukiondoa mechi za ziada za Desemba na Januari, kinachobaki ni zaidi ya nusu mwaka bila shindano lolote. Klabu ya soka hupata majuma machache tu, kisha inarudi uwanjani. Isitoshe, NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, huwabana makocha: nje ya msimu mazoezi ya lazima kwa kawaida hayazidi saa 8 kwa wiki, wakati ndani ya msimu ni 20, na mazoezi ya mpira ya majira ya kuchipua ni vipindi 15 pekee. Kwa hiyo kuanzia Januari hadi Julai anayekaa na wachezaji muda mrefu kuliko mtu yeyote ni kocha wa viungo. Katika mchezo huu ana nafasi ambayo mwenzake wa soka hana.

Mwili nao una utaratibu wake. Katika wiki za mwanzo za kunyanyua vyuma, nguvu hupanda kabla msuli haujanenepa, kwa sababu mfumo wa fahamu unajifunza kuamsha nyuzi nyingi zaidi za msuli kwa pamoja. Msuli wenyewe hujaa baadaye. Kijana wa miaka 18 aliyetoka sekondari bila kufundishwa vyuma kwa mpangilio anaweza kuwa mtu mwingine ndani ya mwaka mmoja. Mwenzake wa mwaka wa nne huhangaika miezi kadhaa kuongeza kilo chache. Tafiti zilizowafuatilia wachezaji wa vyuo kwa miaka yao yote ya masomo zinakubaliana katika jambo moja: nguvu huongezeka sana, mbio husogea kidogo mno. Timu iliyojaa vijana itavuna zaidi kutoka kwenye programu mpya kuliko timu ya wakongwe, na hakuna jimu itakayomfanya mzito wa kuzaliwa awe mkimbiaji.

Mtazame mchezaji wa mstari wa mbele, mtu wa kilo 140, mpira unapoanzishwa. Ameinama, mkono mmoja umegusa nyasi. Anafyatuka, anapiga hatua moja, na kabla ya hatua ya pili kutua vizuri ameshagongana na mtu wa uzito wake. Sekunde 5 hivi, filimbi inalia, watu wanajipanga upya ndani ya sekunde 40 zilizowekwa na sheria, kisha wanagongana tena. Ataurudia mgongano huo mara 60 au 70 kabla ya jioni kwisha.

Jimu ya mtu huyu lazima ijibu mgongano ule. Kufikisha nguvu zote za misuli huchukua takriban theluthi moja ya sekunde au zaidi, ilhali mguu wa anayekimbia kwa kasi hukaa ardhini kama sehemu moja ya kumi ya sekunde. Mchezaji akishakuwa na nguvu za kutosha, kumwongezea kilo 20 kwenye chuma anachochuchumaa nacho hakumsaidii sana; kinachomsaidia ni kujifunza kuzitoa haraka nguvu alizonazo. Hapo ndipo badiliko la programu huwa na maana: kupunguza mashindano ya nani ananyanyua kizito zaidi, na kuongeza kuruka, mbio fupi za kasi kamili na mapumziko ya kutosha katikati yake. Kumkimbiza mtu wa kilo 140 kilomita tano kila asubuhi ni kumwandaa kwa mchezo mwingine.

Faida nyingine ni kupunguza majeruhi. Zoezi la kupiga magoti, mwenzako akakushika vifundo vya miguu, ukajishusha mbele polepole, limechunguzwa kwa miaka mingi, hasa kwa wachezaji wa soka, na limeonekana kupunguza majeraha ya misuli ya nyuma ya paja kwa karibu nusu. Halihitaji mashine yoyote. Mchezaji anayebaki mzima hadi Novemba ana thamani kuliko aliyevunja rekodi ya vyuma Machi kisha akachanika msuli Septemba.

Turudi Notre Dame. Katika futiboli ya Kimarekani, timu ikifunga mara moja na kupata nyongeza yake, huvuna pointi zisizozidi 8. Mwaka 2016, katika vipigo 8 vya Notre Dame, 7 vilikuwa vya tofauti ya pointi 8 au pungufu, na mechi ya namna hiyo waliyoshinda ilikuwa moja tu. Timu dhaifu kweli hufungwa kwa mbali. Hii ilikuwa inaangukia mlangoni. Bahati ya kiwango hicho haidumu, na ingekuwa ajabu kama mwaka uliofuata ushindi usingeongezeka hata bila chuma kipya. Zaidi ya hapo, Kelly alileta Mike Elko kuongoza ulinzi na Chip Long kuongoza mashambulizi, na mrusha mpira mkuu alikuwa mpya. Quenton Nelson na Mike McGlinchey, ambao mwaka 2018 walichaguliwa na timu za kulipwa wakiwa wa 6 na wa 9 nchini, walikuwa kikosini tangu mwaka ule wa aibu. Huenda Balis alifanya kazi kubwa. Lakini matokeo pekee hayawezi kumtenganisha na hao wengine.

Hata hadithi mama ya taaluma hii ina kasoro ileile. Chuo Kikuu cha Nebraska, baada ya kushinda 6 na kupoteza 4 mwaka 1967 na tena 1968, ilimwajiri mwaka 1969 Boyd Epley, mruka kwa upondo aliyeumia mgongo, asimamie vyuma. Makocha wengi wakati ule waliamini vyuma humfanya mchezaji awe mzito na mgumu wa viungo. Nebraska ikatwaa ubingwa wa taifa 1970 na 1971, na mwaka 1978 Epley akaanzisha chama cha taifa cha makocha wa viungo. Ila mwaka uleule wa 1969 timu ilibadilisha pia mfumo wake wa kushambulia. Hata tukimpa Epley sehemu kubwa ya sifa, Nebraska ilikuwa inashindana na timu ambazo nyingi hazikunyanyua vyuma. Leo kila chuo kikubwa kina jimu ya mamilioni ya dola, kwa hiyo badiliko ni kutoka programu nzuri kwenda nzuri nyingine, na pengo limebaki jembamba.

Faida imepungua, lakini hatari ya mazoezi yenyewe haijapungua. Kocha mpya hutaka kuonekana ameingia, na njia rahisi ni kuwatesa wachezaji wiki ya kwanza. Januari 2011, wachezaji wa Chuo Kikuu cha Iowa waliorejea kutoka likizo walipewa kazi ya kuchuchumaa mara 100 wakiwa na nusu ya uzito wa juu kabisa wanaoweza kunyanyua, huku wakipimwa muda. Wachezaji 13 walilazwa hospitalini: misuli yao ilikuwa imevunjika na yaliyomo yakamwagika kwenye damu, hali inayoweza kuua figo. Juni 2018 Jordan McNair wa Chuo Kikuu cha Maryland, kijana wa miaka 19, alifariki wiki mbili baada ya kuzidiwa na joto mazoezini. Mwongozo wa pamoja wa vyama viwili vya makocha wa viungo, uliotolewa 2019, unashauri kiasi cha mazoezi ya pumzi kipunguzwe kwa angalau asilimia 50 wiki ya kwanza baada ya mapumziko na asilimia 30 wiki ya pili. Mwili uliolala wiki tatu hauamshwi kwa kipigo.

Chuo kikitangaza kocha mpya wa viungo, basi, video za Februari za watu wanaopiga kelele chini ya vyuma ziacheni zipite. Ulizeni kama kila mchezaji anapimwa dhidi ya nafsi yake ya mwaka jana, katika kuruka na katika mbio za hatua chache. Ulizeni kama vijana wa mwaka wa kwanza na wa pili ndio wanaosogea zaidi, maana kwao ndiko kuna nafasi ya kusogea. Halafu hesabuni ni wangapi kati ya walioanza mechi ya kwanza bado wanaanza mechi ya kumi. Majibu yakiwa mazuri kwa misimu miwili au mitatu, kocha huyo anastahili mshahara wake, hata kama timu imepoteza mechi tatu kwa pointi moja moja.