Hatari za maji ziingie darasani: neno kwa shule zetu za Kasongo na Kabambare

Mwaka wa masomo unaanza Septemba, na huku Maniema ya kusini mvua nazo zinarudi wakati huohuo. Luama inajaa, Lualaba inapanda, na kijito ambacho mwanafunzi alikivuka Julai kwa kukunja suruali sasa kinamfika kifuani. OMS inakadiria kwamba mwaka 2021 watu 300,000 hivi walikufa maji duniani, karibu nusu yao wakiwa chini ya miaka 29. Umoja wa Mataifa umeweka tarehe 25 Julai kuwa siku ya kuzuia vifo hivyo, lakini siku hiyo shule zetu zimefungwa. Kwetu somo hili lifanyike katika majuma ya kwanza ya masomo.

Halihitaji kitabu kipya. Mwalimu wa fizikia anaandika kanuni ya Archimède ubaoni kila mwaka. Basi aongeze hili: bidoni tupu ya lita 20, ikifungwa vizuri, inaelea hata ikibebeshwa karibu kilo 19. Mtu aliye ndani ya maji hana uzito mkubwa, kwa hiyo bidoni moja inatosha kuweka kichwa chake juu. Bidoni zipo katika kila nyumba. Inayokosekana ni kamba iliyofungwa tayari pale watu wanapoteka maji na kuoga.

Jambo gumu kuwafundisha vijana ni kutoruka. Anayezama humkamata yeyote anayemkaribia na kumsukuma chini ili apate kupumua; ndiyo maana mara nyingi ndugu wawili hufa pamoja. Lala kifudifudi ukingoni, mnyoshee mti au kikwembe, mtupie bidoni, ita watu wazima. Tena anayezama mara nyingi hapigi kelele, kwa sababu mdomo wake uko majini. Mwenzako akinyamaza ghafula, mtazame.

Katika Matendo 27, merikebu ya Paulo ilipovunjika, waliojua kuogelea walitangulia, na wengine wakashika mbao na vipande vya chombo. Wote 276 walifika pwani. Kitu kinachoelea kiliwaokoa wasiojua kuogelea.

Kuhusu mitumbwi, tunakumbuka chombo kilichozama karibu na Goma tarehe 3 Oktoba 2024, kikiwa kimejaza watu kupita kiasi. Mwanafunzi aruhusiwe kukataa kupanda mtumbwi uliojaa, na shule isimpe adhabu kwa kuchelewa. Hilo ni juu ya wakuu wa shule, si juu ya mtoto. Karibu na machimbo ya dhahabu, kama kule Salamabila, wafundishwe kuhusu mashimo yaliyojaa maji: kingo zinateleza, na kina hakionekani.

Mtu akitolewa majini bila kupumua, msimning'inize kichwa chini wala kumbonyeza tumbo. Mlalie chali, mpulizie pumzi 5 mdomoni huku umemziba pua, kisha bonyeza katikati ya kifua mara 30, pumzi 2, na kuendelea hivyo mpaka msaada ufike. Mwenye kifafa asiende mtoni peke yake, hata kuchota maji tu.

Kuna jambo tusilifiche. Mtoto akizama, mara nyingi watu wanatafuta mchawi, na kidole kinamwangukia mama mzee wa kijiji. Wakati huo hakuna anayeuliza kwa nini kamba haikuwepo, au kwa nini watoto wanaoga pale mkondo unapovuta. Mwalimu anayeeleza mkondo unavyofanya kazi anamlinda mtoto, na anamlinda mama huyo pia.

Na sisi tunaobatiza mtoni? Mashemasi wapime kina kwa fimbo siku iliyotangulia, wamweke mvuvi mzoefu na kamba upande wa chini wa mkondo, na wamwulize kuhusu mamba. Maji yakiwa yamepanda, ubatizo uahirishwe hadi Jumapili nyingine.