MAGEMU YAKAE WAPI, NA KAZI ZENU ZIKAE WAPI?



Ndugu wanafunzi, pamoja nanyi wazazi mnaosoma jarida hili nyumbani, makala hii inahusu jambo linaloleta ugomvi katika nyumba nyingi zenye kompyuta moja. Baba anaitumia kwa hesabu za duka. Dada ameweka humo nakala ya cheti chake cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, anasubiri dirisha la Bodi ya Mikopo lifunguliwe. Mdogo wao ameweka PES 2013 na magemu mengine matano. Siku moja kompyuta inagoma kuwaka, inapelekwa kwa fundi mjini, fundi "anapiga Windows", nayo inarudi nyepesi kama mpya. Magemu hayamo. Cheti hakimo, wala hesabu za duka. Je, fundi amekosea? Mara nyingi hapana. Amefuta draivu C kama ilivyo kawaida ya kazi hiyo, na kila kitu kilikuwa ndani ya C.

Kwanza tuzielewe hizi herufi. Kompyuta ya IBM ilipotoka mwaka 1981 ilitumia diski laini za kuchomeka, zikapewa herufi A na B. Diski ngumu ilipokuja na IBM PC XT mwaka 1983, ikiwa na nafasi ya MB 10 tu, ikachukua herufi iliyofuata. Diski laini zimekwisha, C imebaki pale pale. Ndani yake hukaa Windows yenyewe. Na hapa ndipo wengi hudanganyika: ukihifadhi kitu kwenye Desktop unaona kama umekiweka juu tu ya meza, kumbe kimo ndani ya C, katika folda ya Users, chini ya jina lako. Documents na Downloads ni hivyo hivyo.

Je, D ni nini? Inategemea kompyuta. Baadhi ya kompyuta za mitumba zina diski mbili kweli: SSD ndogo yenye kasi, na diski ya zamani yenye nafasi kubwa. Nyingine zina diski moja iliyogawanywa, mfano wa nyumba ya vyumba viwili. Ukipiga deki chumba kimoja, cha pili hakiguswi. Lakini paa likianguka, vyumba vyote vimekwenda. Kwa hiyo kuhamishia kazi D kunakulinda na kupigwa Windows. Hakukulindi na diski kufa.

Sasa tuje kwenye magemu. Gemu unapoliweka kwenye kompyuta linatawanyika sehemu tatu. Mwili wake, ambao ni mzito, huenda kwenye folda uliyoichagua, kwa kawaida Program Files iliyomo C. Habari zake huandikwa katika daftari la ndani la Windows. Ya tatu ndiyo wachezaji husahau: maendeleo yako, yaani timu uliyoijenga na ligi uliyofikia, mara nyingi hukaa peke yake. PES 2013 huyaweka Documents, katika folda ya KONAMI. Maana yake ni kwamba hata ukiliweka gemu lote D, ligi yako bado iko C, na fundi akipiga Windows imekwenda.

Ndiyo sababu pia ukiikata folda ya gemu kutoka C na kuibandika D, mara nyingi halifunguki: daftari la Windows bado linaonyesha anwani ya zamani. Njia sahihi ni kuliondoa kwa utaratibu, kisha kuliweka upya na kuchagua D pale linapouliza likae wapi. Kwa wanaotumia Steam kazi ni rahisi zaidi, kwani programu hiyo ina sehemu ya kuhamishia gemu kwenye draivu nyingine bila kulipakua tena. Wenye kununua bando wanajua thamani ya jambo hilo!

Tahadhari kuhusu kukata na kubandika. Ndani ya draivu moja, kompyuta hubadilisha anwani tu, ndiyo maana humaliza kwa sekunde. Kutoka C kwenda D hunakili faili moja moja na kulifuta lilikotoka. Umeme ukikatika katikati, nusu iko huku na nusu kule. Nakili kwanza, fungua uhakikishe, ndipo ufute.

Wengine hulalamika kwamba flashi ya GB 16 inakataa gemu la GB 6 ilhali ni tupu. Huenda imefomatiwa kwa mtindo wa FAT32, ambao haupokei faili moja linalofikia GB 4. Ifomati kwa exFAT, baada ya kutoa vilivyomo.

Folda ya Documents nayo huhamishika. Bofya kitufe cha kulia cha mausi juu yake, chagua Properties, kisha Location, kisha Move. Tengeneza kwanza folda ndani ya D, tuseme "Kazi za nyumbani", ndiyo uichague. Usichague D tupu, kwani kurudisha nyuma baadaye kuna usumbufu. Desktop huhamishwa kwa njia hiyo hiyo, na kila mwenye jina lake la kuingilia afanye ya kwake.

Hili ni la sasa hivi, kwani tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10, na kompyuta nyingi zitapelekwa kwa mafundi kubadilishiwa. Kabla ya kuipeleka, wazazi na vijana wakae pamoja wafungue Desktop, Documents na Downloads, za kila mtumiaji. Cheti, hesabu za duka, picha za familia na ile folda ya KONAMI vinakiliwe kwenye flashi. Mwili wa gemu uacheni, utawekwa tena. Kisha flashi hiyo isikae kwenye droo ya meza ya kompyuta, maana mwizi hubeba vyote kwa pamoja. Ipelekeni kwa mjomba Kizota, au kwa bibi Kondoa.