Kuliona Ziwa Ngozi kwa Kivinjari: Fahamu Viwango vya Uhalisia Pepe kwenye Wavuti

Na Mwandishi Wetu, Tukuyu

Mgeni anayetaka kuliona Ziwa Ngozi huacha barabara kuu ya Mbeya–Tukuyu, hupita msituni kwa miguu na kupanda mwinuko mkali hadi ukingo wa kreta, ambako maji huonekana chini sana. Wakati wa mvua, ambazo Wilaya ya Rungwe huzipata kwa wingi, njia huteleza na ukungu waweza kulifunika ziwa lote. Kwa mzee au mtu mwenye ulemavu wa viungo, safari hiyo ni ngumu mno, hata kama amezaliwa na kukulia Tukuyu.

Teknolojia ya uhalisia pepe inaweza kumfikishia mwananchi huyo mandhari hayo alipo. Hata hivyo, iwapo ataweza kuyaona kwa simu yake ya kawaida, na iwapo yatafunguka tena baada ya miaka mitano, ni jambo linalotegemea viwango vilivyotumika kuyaandaa. Makala haya yanafafanua viwango hivyo na sababu za mwananchi kuvifahamu.

Uhalisia pepe humzungushia mtazamaji mandhari ya kidijitali, ili anapogeuza kichwa aone kilicho kulia, kushoto na nyuma yake kana kwamba yupo mahali penyewe. Uhalisia ulioongezwa huacha mazingira halisi yaonekane kupitia kamera, kisha huweka picha au maelezo juu yake. Kwa mfano, mwanafunzi aliyesimama kwenye Daraja la Mungu katika Mto Kiwira angeweza kuinua simu na kuona mchoro unaoeleza jinsi mwamba huo wa volkano ulivyopata umbo la daraja.

Awali, kazi za aina hii zilihitaji programu maalumu kwa kila aina ya kifaa. Aliyekuwa na miwani ya kampuni moja hakuweza kutumia kazi iliyotengenezwa kwa miwani ya kampuni nyingine. Mwaka 2014, wataalamu wa Mozilla walianza kuonesha njia ya kupeleka uhalisia pepe moja kwa moja kwenye kivinjari, yaani programu inayofungua tovuti. Njia hiyo iliitwa WebVR.

WebVR ilikuwa pendekezo la majaribio na haikufikia hadhi ya kiwango rasmi. Nafasi yake ilichukuliwa na WebXR, inayohudumia uhalisia pepe na uhalisia ulioongezwa kwa pamoja. WebXR inaandaliwa chini ya W3C, chombo cha kimataifa cha viwango vya wavuti kilichoanzishwa mwaka 1994 na Tim Berners-Lee, mwasisi wa wavuti. Rasimu yake ya kwanza ilitolewa kwa umma mwaka 2019, na mwishoni mwa mwaka huo kivinjari cha Chrome kikaanza kuitumia. Mwanzoni mwa mwaka 2020, Chrome iliacha kuihudumia WebVR. Kurasa zilizojengwa kwa njia ya zamani pekee, bila kufanyiwa marekebisho, zikapoteza uwezo wake wa uhalisia pepe.

Hapo ndipo lilipo funzo kwa halmashauri, shule na wajasiriamali wa utalii. Fedha inayolipwa kutengeneza mandhari ya kidijitali ya Ngozi, Kijungu au Mlima Rungwe yaweza kupotea, si kwa sababu picha ni mbaya, bali kwa sababu imefungwa ndani ya mfumo usioendelezwa tena.

Tanzania ina mifano ya kujifunzia. Mwaka 2014, picha za Hifadhi ya Taifa ya Gombe zinazoonekana pande zote ziliwekwa kwenye huduma ya ramani ya Google, kwa ushirikiano na Taasisi ya Jane Goodall. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, yaliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, yamepimwa kwa miale ya leza na mradi wa Zamani wa Chuo Kikuu cha Cape Town, na kuhifadhiwa kwa umbo la pande tatu.

Kabla ya kusaini mkataba wa kazi kama hizo, mnunuzi anashauriwa kuuliza maswali matatu. Kwanza, je, kazi itafunguka kwenye kivinjari bila kupakua programu nyingine? Pili, je, asiye na miwani ataweza kuizungusha picha kwa kidole kwenye simu yake, bila kumaliza bando? Tatu, nani atamiliki mafaili ya asili, na je, yatakabidhiwa katika muundo wa wazi, kama vile glTF unaotumika kwa maumbo ya pande tatu?

Ikumbukwe pia kwamba vivinjari havijalingana. Uhalisia ulioongezwa hufanya kazi kwenye baadhi tu ya simu za Android, na Safari ya iPhone bado haijaipokea WebXR. Kwa hiyo ukurasa mzuri huwa na picha za kawaida na maelezo ya Kiswahili kwa wasiofikiwa na teknolojia hiyo.

Suala jingine ni faragha. Miwani na simu hupima mwendo wa mwili, na kamera yaweza kuona ndani ya nyumba. WebXR hufanya kazi kwenye tovuti zenye muunganisho salama pekee, zile ambazo anwani yake huanza na https, na kivinjari humwomba mtumiaji ridhaa kabla ya kuzipa taarifa nyeti. Mwananchi asibonyeze kukubali bila kusoma. Nchini, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inampa haki ya kujua taarifa zake zinakusanywa kwa madhumuni gani.

Mandhari ya kidijitali hayachukui nafasi ya safari ya Rungwe, wala hayalipi kiingilio wala ujira wa waongoza watalii. Yakijengwa kwa viwango vya wazi, yatamwezesha mgeni kujua anachokifuata kabla ya kufunga safari, na yatampa mzee wa Tukuyu nafasi ya kuliona ziwa ambalo miguu yake haiwezi tena kumfikisha.